Gunia Kuukuu

Gunia tupu likitupwa nyuma ya ghala, huonekana kama kitu kilichokwisha kazi yake. Katika Nyamongo, wilayani Tarime, sivyo. Huko wakulima hutia mahindi na ulezi katika magunia, na wachimbaji wadogo huyabebea mawe ya dhahabu. Lakini mashamba yaliyo karibu na mgodi wa North Mara, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002, yamekuwa haba. Basi mwenye ua mdogo aweza kulifanya gunia kuwa shamba.

Magunia si ya namna moja. Lile la katani hufumwa kwa nyuzi za mkonge, mmea ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche yake ni 62 tu iliyofika hai, na kwa hiyo likaanza zao kubwa la Tanga. Gunia hili huoza likikaa udongoni, kwa hiyo kazi yake ni nyingine. Hufunika kitalu mpaka mbegu zichipuke. Likiloweshwa na kuzungushiwa mtungi, maji ya mtungini hupoa, maana unyevu wa gunia ukigeuka mvuke huondoka na joto.

Kiroba cheupe ni cha nyuzi za plastiki. Hakiozi, na hicho ndicho cha bustani. Chini hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Katikati husimamishwa mkebe usio na kitako, nao hujazwa kokoto. Udongo hutiwa pande zote, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, hata kiroba kijae. Kokoto hubaki zimesimama kama nguzo. Hiyo ndiyo njia ya maji. Pasipo nguzo, maji hulowesha juu tu, na miche ya chini hufa kwa kiu. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia sukuma wiki, na juu hupandwa vitunguu. Mahali pawe pa jua, tena pasipofikiwa na mbuzi, kwani mbuzi hufurahi sana kuletewa mboga karibu na mdomo.

Jua likikipasua kiroba, vipande vyote huokotwa. Ng'ombe akivila, huziba tumboni.

Lakini kabla ya hayo yote, sharti ijulikane gunia lilichukua nini. La nafaka ni jema. Lililochukua sumu ya wadudu, au mchanga uliooshwa kwa zebaki, halifai kwa mboga, wala kwa kulalia, wala kwa kufunika mtungi. Zebaki kidogo iliyonasa katika nyuzi haionekani wala hainuki, na kufua si dawa: gunia likifuliwa katika mto Tigithe, sumu huteremka hata mto Mara, ambako watu wengine huchota maji na kunywesha mifugo. Mchimbaji arudipo jioni na gunia begani, mama huuliza kwanza lilikotoka. Akikosa jibu, hulikataa mlangoni, hata likiwa jipya.