Upepo na Paa la Nyumba

Fikiri juu ya nyumba iliyoko Lizaboni, mjini Songea. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, na paa lake ni la mabati. Mvua za mwanzo huja na upepo mkali. Vumbi huinuka, madirisha hugonga, na pengine bati hung'oka likaruka kama jani. Watu wengi hudhani kwamba upepo umelisukuma bati hilo kutoka ubavuni tu. Sivyo.

Chukua ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 20. Shika ncha moja chini kidogo ya mdomo wako, ncha ya pili ining'inie. Puliza kwa nguvu juu ya karatasi. Umeona nini? Karatasi imeinuka, ingawa hukuipuliza kutoka chini.

Jambo kama hilo hutokea juu ya nyumba. Upepo upitapo juu ya paa kwa kasi, msukumo wa hewa juu ya mabati hupungua. Hewa iliyo ndani huendelea kuyasukuma kutoka chini. Mlango unaoelekea upepo ukiwa wazi, hewa nyingi zaidi huingia, na mabati husukumwa zaidi. Tena, kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne.

Kwa hiyo kupigilia bati misumari hakutoshi. Papi zinazoshika mabati zipigiliwe vizuri kwenye kenchi, na kenchi zifungwe kwa waya mnene uliojengewa ndani ya ukuta, kozi kadhaa chini ya paa. Paa ni jepesi, ukuta ni mzito. Likifungwa hivyo, uzito wa ukuta hulizuia lisiinuke. Wengine huweka mawe juu ya mabati. Hiyo ni hatari, kwani paa likitikisika mawe huweza kumwangukia mtu.

Theluji ni barafu nyepesi iangukayo kutoka mawinguni kama vipande vya pamba. Songea haina theluji; katika Tanzania huonekana hasa kileleni mwa Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Lakini katika nchi kama Norwei, theluji iliyoshikana yenye kina cha nusu mita huweza kuwa na uzito wa kilo 100 au zaidi juu ya kila mita moja ya mraba ya paa. Fundi wa huko hufikiri kwanza juu ya mzigo utakaolikandamiza paa. Fundi wa Lizaboni hufikiri kwanza juu ya nguvu itakayoliinua.

Mazoezi

1. Pamoja na mzazi wako, kagua paa la nyumba yenu ukiwa chini. Je, kenchi zimefungwa ukutani? Kwa kitu gani?

2. Upepo mkali ukianza kuvuma, utafunga mlango upi kwanza? Eleza kwa nini.