Namba Tasa ya Tarakimu Kumi

Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7.

Muhula huu niliwatangazia wenzangu bwenini kanuni yangu: chukua 2, ipe kipeo kilicho namba tasa, kisha toa 1, jawabu ni namba tasa. Nikawaonyesha 2² − 1 = 3, 2³ − 1 = 7, 2⁵ − 1 = 31, na 2⁷ − 1 = 127. Wote wakaridhika. Kesho yake mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akaniuliza, "Kaka, umejaribu 11?" Sikuwa nimejaribu. Jawabu ni 2047, nayo ni 23 × 89. Niliona haya.

Basi nikajifunza jinsi Leonhard Euler, Mswisi, alivyothibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1, yaani 2147483647, ni tasa. Kila namba tasa inayogawanya namba ya namna hii hubakiza 1 ikigawanywa kwa kipeo. Tazama 23 na 89: zigawanye kwa 11, hubaki 1. Tena hapana haja ya kupita 46340, maana 46341 × 46341 yaizidi namba yenyewe. Kwa hiyo zilibaki chache za kujaribiwa, na hata moja haikuigawanya.

Msomaji, ijaribu 2²³ − 1, yaani 8388607. Anza na 47.

Naye yule mdogo wetu, siku hizi ndiye ninayemwonyesha hesabu zangu kwanza.