Je, Mama na Watoto Wahamie Chumba Kimoja Nairobi?



Somo letu la leo linahusu jambo linalosumbua nyumba nyingi za hapa kwetu Kanja, na za kila mahali ambapo mume hufanya kazi mbali. Baba yuko Nairobi katika chumba kimoja cha kukodi. Mama yuko nyumbani na watoto, anachuma majani chai na kukama ng'ombe. Baada ya miaka kadhaa mmoja wao husema, "Tumechoka kuishi hivi. Twendeni tukaishi wote huko chumbani." Je, wahamie au wasihamie?

Sitawajibu ndiyo wala la, kwa maana nyumba mbili hazifanani. Nitawaonyesha mambo ya kupima kabla hamjafunga mizigo.

1. Shida hii haikuanza na ninyi

Wakati wa ukoloni, mfanyakazi Mwafrika mjini Nairobi alilipwa na kupewa makao kana kwamba hana mke wala watoto. Jamaa yake ilihesabiwa kuwa italishwa na shamba la nyumbani. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mshahara uongezwe hatua kwa hatua hadi uweze kutunza mtu na jamaa yake. Ukoloni ulikwisha, lakini wengi bado wanaishi kwa mtindo huo wa zamani: mtu mmoja mjini, jamaa mashambani.

Kwa hiyo, mama, usidhani kwamba mumeo anakaa chumbani peke yake kwa sababu hakupendi. Nawe baba, usidhani kwamba mpango huu ni sheria isiyobadilika. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Vatikano mwaka 1983, yasema kazi ipangwe kwa namna inayowawezesha watu wa familia moja kuishi pamoja. Hati hiyo hiyo yasema pia kwamba familia ina haki ya kupata makao yanayofaa na yanayolingana na idadi ya watu wake. Haki hizo mbili ndizo zinazogongana hapa: kukaa pamoja, na kukaa vizuri.

2. Chukueni utepe mpime

Vyumba vingi vya mabati na vya mawe vya kukodi ni vya futi 10 kwa 10. Hizo ni futi 100 za mraba. Kitanda cha 4 kwa 6 kinachukua futi 24, karibu robo ya chumba. Kitanda cha ghorofa cha watoto, 3 kwa 6, kinachukua futi 18. Mnabaki na futi 58 za kuweka meza, mitungi ya maji, jiko, masanduku ya nguo, na mahali pa kukanyaga.

Choreni chumba hicho kwenye karatasi, kisha jibuni pamoja: Chakula kitapikiwa wapi? Mtoto wa darasa la sita atasomea wapi usiku? Baba akitoka kazini zamu ya usiku, atalala vipi mchana? Binti na kaka yake wakikua, watabadilishia nguo wapi?

Tukumbuke mila zetu. Zamani mume alikuwa na thingira yake, mama na watoto wadogo walikuwa na nyumba yao, na kijana aliyetahiriwa hakulala tena kwa mama. Chumba kimoja hukusanya wote hao nyuma ya pazia moja. Haya ya wazazi na heshima ya watoto zahitaji kupangwa.

Na afya pia. Msilale na jiko la makaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Chumba kisicho na dirisha linalofunguka huwarahisishia njia kifua kikuu na maradhi mengine ya hewa. Kama hakuna dirisha, tafuteni kingine.

3. Udogo peke yake si ubaya

Huko Marekani wako watu na wake zao wanaohamia katika kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, wakaishi humo mwaka mzima. Karibu nasi zaidi, upande wa Marsabit, Warendille na Wagabra hubeba nyumba zao juu ya ngamia, miti na mikeka yote, na kuzisimamisha upya malishoni. Ni nyumba ndogo sana, lakini wamelea watoto humo vizazi na vizazi.

Kwa nini inawezekana? Kwanza, nje ni kupana. Ndani ni pa kulala tu. Mazungumzo, michezo na kazi viko nje. Pili, mwanamke ndiye huijenga nyumba ile, na ni yake.

Sasa kitazameni chumba chenu. Ukifungua mlango, nje kuna nini? Ua salama wa kuchezea watoto, au ni kijia chembamba chenye mtaro wa maji machafu? Shule na kanisa viko karibu? Mara nyingi mlango na kilicho nje yake ni muhimu kuliko futi za ndani.

4. Mama atakuwa nani huko?

Hapa wengi hukosea hesabu. Wanajumlisha kodi moja badala ya gharama za nyumba mbili, wanaona faida. Lakini nyumbani sukuma, maziwa, kuni na viazi havinunuliwi. Mjini hata mtungi wa maji ni pesa. Na mchai hausubiri. Usipochumwa kwa miezi, hurefuka ukaharibika meza yake, ikabidi kukatwa na kungojewa tena. Ni nani atakayechuma, na kwa malipo gani?

Zaidi ya hayo, mama aliyekuwa na pesa za majani chai mkononi na kiti chake katika jumuiya atajikuta akiomba shilingi za chumvi. Mwanamke asiye na lake huanza kunyamaza, na nyumba yenye ukimya ni ndogo kuliko futi 10. Kama anahama, na ajulikane atafanya kazi gani huko, na bonasi ya chai itaingia mfuko upi.

Lakini tuseme kweli na upande wa pili. Baba anayekuja mwisho wa mwezi na mkate hugeuka mgeni kwa watoto wake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Majaribu ya upweke mjini tunayajua, na ya kijijini pia yapo.

5. Kwa kupatana, na kwa muda

Mtakatifu Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawaonya wanandoa wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano na kwa muda. Masharti hayo mawili yafaa kwa kutengana kwa ajili ya kazi, na yafaa pia kwa kubanana chumbani. Chumba kidogo kilichochaguliwa na wote wawili, kwa lengo linalojulikana na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, huvumilika. Kilichoamuliwa na mmoja, bila mwisho, huwa gereza.

Jaribuni kwanza, lakini si kwa likizo ya Agosti. Likizo ni kutembelea, na mgeni huvumiliwa. Kama mna mtoto mdogo asiyeanza shule, na bibi anaweza kukaa na wakubwa, mama na akae mwezi mzima wa kazi: mvua, foleni ya choo, mshahara uliochelewa na yote. Kisha ketini mhesabu. Mkikubaliana kubaki kama mlivyo, hilo nalo liwe na tarehe, na baba arudi nyumbani mara ngapi iandikwe.

Maswali ya kujadili nyumbani

Kila mmoja aandike majibu peke yake, kisha msomeane.

1. Ni kitu gani nitakikosa zaidi tukihama? Na tusipohama?

2. Tunahama ili tupate nini, na kufikia mwezi gani?

3. Mmoja wetu akisema, "Nimeshindwa," turudi vipi bila lawama?

Mkishindwa kujibu la tatu, msihame bado. Endeleeni kuzungumza.