Dawa za Kihindi na Ugonjwa wa Kisukari: Tupime Kabla ya Kuamini



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama hapa Amu, tulimkuta mama mmoja ameketi pembeni ya jamvi, mguu umefungwa kitambaa. Tukamwuliza ana nini. "Si kitu, mwanangu, ni mwiba tu. Una mwezi sasa." Mwezi mzima! Tukaendelea kuulizana polepole mpaka mambo yakatoka. Mama huyu ana sukari miaka sita. Alikuwa akimeza vidonge vya hospitali, halafu jamaa yake wa Mombasa akamletea kopo la unga wa dawa ya Kihindi, akaambiwa kwamba unamaliza sukari na kuongeza umri. Akaviacha vidonge. "Nalijiona mzima," alituambia. Lakini kwa muda wote huo hakupima sukari hata siku moja.

Mguu ulipona kwa bahati, ila kidole kimoja kilikatwa. Mwenyewe ameturuhusu tuwasimulie bila kumtaja jina, na ndiyo sababu tumeandika somo hili.

Hatukuja hapa kuzitukana dawa za Kihindi. Waganga wa India waliujua ugonjwa huu tangu kale. Katika vitabu vyao vya zamani, vile vya Charaka na Sushruta, unaitwa madhumeha, maana yake mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakikusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Walitambua pia kwamba wako wanaougua wakiwa vijana wembamba, na wengine wakiwa watu wazima wanene. Hospitali za leo husema aina ya kwanza na aina ya pili. Wala vidonge vya hospitali havikutoka mbali na miti. Metfomini, ambayo wengi wenu mnaimeza, ilipatikana kwa kuuchunguza mmea mmoja wa Ulaya, ikaanza kupewa wagonjwa huko Ufaransa mwaka 1957. Tofauti ni kipimo. Kidonge cha leo na cha kesho vina kiasi kilekile cha dawa. Kijiko cha unga wa majani hakina ahadi hiyo.

Sasa tuziangalie dawa zenyewe, maana nyingi tunazo majumbani. Mzambarau asili yake ni huko Bara Hindi, na mwarobaini vilevile, ambao hapa pwani wengine huuita mkilifi. Wahindi husaga kokwa za zambarau kwa ajili ya sukari. Hutumia pia karela, na mbegu za uwatu zilizorowekwa usiku kucha. Uwatu una nyuzinyuzi zinazofanya chakula kiachie sukari yake polepole tumboni, kwa hiyo unaweza kusaidia kidogo. Karela ni mboga nzuri, wala hatumkatazi mtu kuila, lakini majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa hayajaonyesha kwa uhakika kwamba inashusha sukari. Liko pia jani liitwalo gurmar, maana yake muua sukari. Ukilitafuna kisha ukaweka sukari mdomoni, utaiona kama mchanga, haina utamu kabisa. Ni ajabu, lakini utamu umepotea ulimini tu. Sukari iliyomo kwenye damu ni habari nyingine. Mama mjamzito asinywe dawa hizi hata kama si mgonjwa.

Ile dawa ya umri mrefu iitwayo Chyawanprash tuitazame kwa makini zaidi. Imepewa jina la mzee Chyavana, ambaye hadithi za Kihindi zasema alirudia ujana. Hutengenezwa kwa matunda ya amla, samli, viungo vingi, tena na asali na sukari. Kwa maneno mengine ni jamu! Mtu mwenye kisukari anayelamba vijiko viwili asubuhi na viwili usiku anaongeza ugonjwa huku akidhani anaongeza miaka.

Jambo jingine ni madini. Baadhi ya dawa za Kihindi huchanganywa na zebaki au risasi kwa makusudi, kufuatana na mapokeo yao. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba walinunua dawa 70 za aina hiyo katika maduka ya mji wa Boston na kuzipima. Katika 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki, zote sumu za kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Nazo figo za mwenye sukari tayari zina mzigo wake. Kopo lisilo na maandishi ya kueleza kilichomo, tusilinunue.

Wako wasioacha vidonge, ila huchanganya. Hapo hatari inageuka upande wa pili. Mtu amemeza glibenklamaidi au amejidunga insulini, halafu anywe glasi ya maji ya karela kabla hajala. Sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Atatetemeka, atatoka jasho jembamba, moyo utaenda mbio, atasema maneno yasiyoeleweka. Wengine hudhani amepandwa na shetani. Mkiwa na mashine, ikionyesha chini ya 4, msingoje. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha chakula. Kama amezimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vikundi vyetu vya hapa, wamwone daktari kabla ya Ramadhani ili wapangiwe saa za dawa. Wengine ataruhusu wafunge, wengine atawaambia wasifunge.

Kwa wenye aina ya kwanza tuseme waziwazi. Miili yao haitengenezi insulini, na hakuna mti duniani unaoweza kushika nafasi yake. Hadi mwaka 1921 ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo kwa mtoto. Januari 1922 kijana wa miaka 14 alidungwa insulini huko Toronto, Kanada, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo, akaishi miaka mingine 13. Mzazi anayesimamisha sindano ya mwanawe ili ajaribu majani anaweza kumzika katika siku chache.

Basi mtu mwenye aina ya pili anayetaka kutumia uwatu afanyeje? Amwambie daktari au muuguzi, bila kuona haya. Asiache vidonge. Apime kabla hajaanza, kisha apime tena mara kwa mara asubuhi kabla ya kula, na aandike katika daftari. Ikiwa namba bado ni 7 au zaidi, dawa anazotumia hazijatosha, hata akijiona ana nguvu za kubeba mtungi. Mama yetu alijiona mzima kwa sababu sukari haina kelele. Huharibu macho, figo na miguu kimyakimya, na mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba. Kila usiku tazameni nyayo zenu. Asiyeona vizuri amwite mjukuu amtazamie. Tusitembee pekupeku mchangani wala vichochoroni.

Chakula tunakijua, shida ni kukipunguza. Chai yetu ya Amu ina sukari nyingi mno, na mahamri mawili huvuta la tatu. Wali wa nazi uwe robo ya sahani, mboga nusu, samaki robo. Halwa ya arusini onja kipande, usichukue sahani nzima nyumbani.

Vikundi vyenye mfuko wa akiba vinaweza kununua mashine moja ya kupimia. Kabla ya kununua, ulizeni bei ya vijiti vyake, kwani hivyo ndivyo vinavyokula pesa. Sindano ya kutoboa kidole kila mtu awe na yake, tena mpya. Kuazimana kunaambukiza homa ya ini na UKIMWI.

Katika mkutano ujao tunaomba kila mwenye sukari aje na dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za kuletewa. Tutamwalika muuguzi azitazame moja moja pamoja nasi. Mama wa kidole amesema atakuja na kopo lake, nalo bado lina unga nusu.