Lugha ya Jirani

Katika soko la Uvira makabila mengi hukutana: Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, na Wanyamulenge walioshuka kutoka mlimani. Wote huuziana ndagala, mihogo na maziwa kwa Kiswahili. Lakini jioni kila mtu hurudi kwao, na huko mama haiti watoto wake kwa Kiswahili.

Sikilizeni habari ya mtoto mmoja wa Uvira. Ng'ombe waliingia katika shamba la baba yake, wakaharibu mihogo. Mtoto akapanda mlimani pamoja na mjomba wake kumaliza maneno hayo na wenye ng'ombe. Walifika wamechoka. Mama wa nyumba akawakaribisha, akampa mtoto maziwa, akasema, "Soma!"

Mtoto akatazama huku na huku. "Sina kitabu," akajibu, wala hakupokea maziwa. Uso wa mama ukabadilika, kwani kwa wafugaji anayekataa maziwa amemkataa mwenye nyumba. Wanaume wakanyamaza.

Lakini mjomba alipokuwa kijana alichunga pamoja na watu wa kule. Akacheka, akaeleza neno. Katika lugha yao, kama katika Kirundi, gusoma ni kusoma kitabu, tena ni kunywa kidogo kidogo. Wote wakacheka, mtoto akanywa, akaomba tena. Ndipo wakaanza kuhesabu mihogo iliyoharibika, bila ugomvi.

Si jambo dogo hilo. Katika vita vya mwaka 1964 na vya 1996 majirani wengi wa nchi hii waliuana.

Sasa tazameni. Sisi twasema watu. Warundi husema abantu, Wafuliiru abandu. Mvira na Mfuliiru husikilizana karibu bila kujifunza. Kibembe kitakupa kazi zaidi. Kwa Kirundi kujifunza ni kwiga, nasi twajua kuiga ni nini: mtoto hushika lugha kwa kumfuata asemaye. Utakosea, utachekwa, utasema tena. Ila usianze na matukano, kama wafanyavyo wavulana wengi! Anza na salamu. Mrundi husalimu, "Amahoro," maana yake amani.

Maswali
1. Kwa nini mtoto alitafuta kitabu?
2. Mjomba alijifunza wapi lugha ya wafugaji?
3. Mwulize mwenzako wa kabila lingine namna wanavyosema "asante" kwao. Andika neno hilo katika daftari, ulitumie kesho.