Nuru Iichukuapo Habari Hewani
Msafiri atokaye Musoma kwenda Bunda jua likiwa kali huona lami ya mbele ikimeremeta kama maji. Hewa yenye joto zaidi hupitisha nuru kwa kasi zaidi, japo digrii moja huongeza takriban sehemu moja tu katika milioni. Kidogo hicho, hewa ikivurugika njia nzima, chatosha kuupotosha mwali wa leza uchukuao habari.

Hata hivyo, mwaka 2021 mwali wa namna hiyo uliunganisha Brazzaville na Kinshasa, kilomita 4.8 juu ya mto Kongo, ambako waya ungezunguka zaidi ya kilomita 400. Vioo vyenye kujigeuza viliuelekeza daima kwenye shabaha.

Mwanafunzi wa Butiama na aweke jiko la mkaa kati ya jua la asubuhi na ukuta mweupe: ataona kivuli cha hewa kikicheza ukutani.