Kondo ya nyuma isiyotoka

Wewe mwenye ng'ombe wa maziwa hapa Lubumbashi, au kando ya Kafubu, au njia ya Kipushi, soma maneno haya kabla ng'ombe wako hajazaa. Ndama akiisha kuzaliwa, kondo ya nyuma yapasa kutoka katika saa 12. Saa 24 zikipita nayo ingali inaning'inia, ujue imeshikwa.

Watu husema: ng'ombe amekosa nguvu ya kusukuma. Mara nyingi si hivyo. Ndani ya tumbo la uzazi mna vivimbe 70 mpaka 120, na kondo imeshikamana navyo kama koti na vifungo vyake. Kuvifungua ni kazi ya homoni, nazo ni wajumbe watembeao katika damu. Siku zote za mimba mjumbe mmoja, projesteroni, hutuliza tumbo la uzazi. Siku 280 hivi zikitimia, ndama mwenyewe hutoa kortisoli, ndiyo alama kwamba yu tayari. Ndipo projesteroni hushuka, estrojeni hupanda, vifungo hulegea, na chembe nyeupe za damu, zile askari, huijua kondo kuwa kitu kigeni na kuikata iliposhika.

Basi mimba ikiharibika, au ndama akitoka mbele ya wakati, au wakiwa mapacha, au akizalishwa kwa dawa, mara nyingi wajumbe hawajamaliza safari. Ndama yuko nje, vifungo vingali vimefungwa. Tena wakati wa kiangazi majani hukauka, vitamini E hupungua ndani yake, na askari wa damu hudhoofika. Kwa hiyo mpe mwenye mimba majani mabichi, hata kidogo.

Usivute! Usifunge jiwe wala mti kwenye kondo. Ukivuta, tumbo la uzazi hupasuka ndani, damu hutoka, uchafu huingia. Ng'ombe aweza kufa, au kukaa muda mrefu bila kushika mimba. Sindano ya oksitosini, ambayo wengi huikimbilia, hukaza tumbo tu, haifungui vifungo. Kata kipande kinachoburuta chini, na ungoje. Kondo huoza na kuanguka yenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini pima joto kila siku. Likipita 39.5, au akikataa kula, mwite munganga wa nyama siku ileile.

Na kama ametupa mimba, usiguse kitu kwa mikono mitupu, maana yaweza kuwa bruselosi, nayo huwapata watu pia. Zika kondo chini sana mbwa wasiifukue, na maziwa yachemshwe.